Maziwa Yangu, Mafuta Yake

Shemeji yangu alisema maziwa yangu ndiyo yaliyoua mashine. Alisema hayo mbele ya mpishi, mlinzi na wanawake wanaofua mashuka, na mimi nimesimama palepale, blauzi imelowa kwa sababu saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita. Wakacheka. Najua nani alicheka na nani aliangalia chini, na sina mpango wa kusahau.

Mashine yenyewe ni ya kukata majani, ile ya kukalia kama trakta ndogo. Iko kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, huku juu kilimani Kalemie, maharusi wanakokuja kupigwa picha ziwa likiwa nyuma yao. Zamani shemeji ndiye aliyeiendesha, mpaka alipokata bomba la maji kwa mara ya pili na Papa msimamizi akaniweka mimi. Mume wangu alikuwa ameenda Manono kuchimba madini, na kutoka huko alichotuma ni salamu tu. Kile kiti ndicho kilichomlisha mtoto wangu. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alibaki fundi: jenereta, pampu, na motere ya boti ya kanisa. Hakunisamehe.

Siku moja akaifanyia mashine vidanji, akamwaga mafuta ya zamani na kutia mapya. Baada ya hapo ikaanza kuumwa. Asubuhi, ikiwa baridi, ilitembea vizuri. Ikishapata moto, nakanyaga pedali, injini inanguruma, magurudumu yanajivuta kama mtu anayepelekwa kwa mkwe asiyempenda. Kwenye mteremko ilisimama kabisa, kisha ikarudi nyuma polepole na mimi juu yake.

Kwetu kando ya ziwa, mwanamke anayenyonyesha haruki wavu wa wavuvi, eti samaki watakimbia. Hilo nimelikuta na ninaliheshimu. Nikiona wavu nazunguka. Lakini shemeji aliichukua sheria ya wavu akaivalisha chuma. Papa msimamizi, mtoto wa mvuvi, alikuna kidevu. Hakusema anaamini, ila hakukataa. Alisema Jumamosi kuna harusi na majani lazima yawe mafupi. Kwa hiyo Ijumaa shemeji atajaribu: mashine ikimpandisha kilima, kiti ni chake, na mimi nitafute kazi kwingine.

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina mikono. Wenzangu walipoenda kula, nililala chini ya mashine. Mkanda ulikuwa umekaza. Feni ya nyuma ilikuwa imejaa majani makavu; nikayatoa, nikajaribu, ugonjwa uleule. Kuna kijiti cha chuma nyuma kinachovutwa wakati wa kuisukuma mashine kwa mikono, na kikisahauliwa nje magurudumu hayapati nguvu. Kilikuwa ndani, mahali pake.

Yakabaki mafuta. Mashine hii haina gia za kubadilisha. Ndani ya boksi la nyuma kuna pampu inayosukuma mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozungusha magurudumu. Nikalegeza kizibo cha chini kidogo tu, tone likaangukia kidole. Zito kama asali, linanuka yai bovu. Harufu ile niliijua kabla sijafikisha kidole puani. Ni ya mikono ya shemeji kila anapotoka kutengeneza mguu wa motere ya boti, kule chini propela inakokaa. Alikuwa ameitia mashine ya majani mafuta ya boti, ya kwenda Moba kwa ziwa; ndani ya pampu hii yakipata moto yanatoa povu, na povu halisukumi gurudumu. Fundi wa ziwa: kwake kila chenye injini ni mtumbwi.

Mtu mwema angekimbia kusema. Mimi nilikaza kizibo, nikanawa, nikaenda kunyonyesha.

Ijumaa shemeji alifika umande haujakauka, akataka kupanda kilima mara moja, mashine ikiwa bado baridi. Hapo nikajua kwamba anajua ikipata moto itamkataa. Labda siku ya vidanji alikosea kweli, lakini asubuhi ile alikuwa anajua. Nikamwambia Papa kwa adabu kwamba upande wa lango haujaisha, aniache nimalize halafu nikabidhi. Papa anapenda kazi iliyoisha, akakubali. Nikakata majani, nikazunguka, nikarudia nilipokwisha kukata, mpaka jua likawa kali na boksi la nyuma halishikiki kwa mkono. Ndipo nikashuka, nikamsalimia shemeji kwa mikono miwili.

Yeye akatoa kitambaa, akapangusa kiti pale nilipokaa. Mpishi akacheka tena.

Akapanda hadi katikati ya mteremko. Injini ikalia, magurudumu yakakataa, na mashine ikaanza kurudi nyuma, yeye anakanyaga pedali kama anaua nyoka. Ilirudi taratibu, bila haraka yoyote, kila mtu akapata nafasi ya kuangalia vizuri, mpaka ikaingia kinyumenyume kwenye mashuka yaliyoanikwa. Shuka moja likamfunika kichwa.

Nikauliza, "Papa, huyu naye ananyonyesha?"

Safari hii walichekea upande wangu. Nilifungua kizibo mbele yao, nikampelekea Papa kidole. Akanusa, akafumba macho. Mtoto wa mvuvi hahitaji kuambiwa.

"Hii njo mafuta ya motere ya boti," akasema.

"Mafuta ni mafuta," shemeji akajibu.

Papa alimwamuru ayatoe yote, aoshe boksi, atie mafuta ya injini yanayotakiwa. Niliomba kitu kimoja: asiende kujificha kwenye karakana yake, afanyie palepale kwenye majani. Mama yangu alikuwa ameshaniletea mtoto. Nikapanda kwenye kile kiti, injini imezimwa, nikafungua blauzi, nikamnyonyesha. Shemeji alikuwa amelala chini yangu, mafuta yake mwenyewe yanamtiririka mpaka kwapani.

"Mama mutoto, shuka basi," alininong'oneza. "Bantu banaangalia."

"Njo maana nimekaa hapa, shemeji."

Mtoto alishiba, nikambadilisha titi. Sikuwa na haraka.

Mafuta mapya yalipoingia, tuliinua magurudumu ya nyuma juu ya magogo. Mtoto nikamrudisha kwa mama, nikawasha injini. Shemeji akavuta kile kijiti, mimi nikakanyaga mbele, nyuma, mbele, nyuma, hadi hewa iliyonaswa ndani ikatoka, akakirudisha, nikarudia. Kisha nikapanda kilima na jua lote lile. Juu kabisa nikageuza, nikashuka, nikapanda tena. Mara ya pili haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa ya mpishi.

Mpaka leo shemeji akinikuta njiani anangoja nimwamkie kwanza, kwa kuwa ni mkubwa wa mume wangu. Namwamkia. Halafu namuuliza habari za mtumbwi.