Nilipanda mikuyu kuokoa kisima cha mama, ikaota mathenge kwa mstari

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi niko Hewani, huku Garsen, na haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Nimeandika na kufuta sana. Mkiona koma imekaa vibaya msiniambie, sitalala.

Kwetu mto Tana ukipungua, tunateka maji kwenye kisima kifupi kando ya mkondo wa zamani wa mto. Kisima kikikauka, mama anateremka hadi mtoni. Mtoni kuna mamba. Hofu yangu yote ni hiyo.

Zamani hapo kisimani kulikuwa na mikuyu mikubwa, na ardhi chini yake haikukauka upesi. Mingine ilikatwa, mingine ikabebwa na mafuriko. Ukaja ukame, yakaja mafuriko tena, na nafasi yote ikachukuliwa na mathenge.

Ule mti wa miiba, ndio. Mizizi yake hushuka kufuata maji, na kisima kikaanza kutoa matope mapema kuliko tulivyozoea.

Sijasomea misitu. Nimejifunza kwa video, siku nikiwa na bundle. Nikaamua: mathenge itoke, mikuyu irudi.

Vijana wa kanisani walinisaidia kung'oa, visiki na yote. Wakati wa kupanda niliwafukuza, walikuwa wanapinda mstari.

Nikavuta kamba. Nikapima kila shimo kwa kijiti kilekile. Nikachomeka matawi ya mkuyu, maana mkuyu hushika kwa tawi. Tawi lililopinda nililitupa pembeni.

Mama akapita na ndoo. "Mwanangu, unapanda miti au unashona sare?"

Nilikosa mbolea tu. Guyo, rafiki yangu Muorma anayefuga mbuzi ng'ambo ya barabara, akaniletea magunia ya mbolea kutoka zizini. Bure kabisa. Nikagawa kopo moja kila shimo, sawasawa, hata iliyomwagika nikairudisha.

Mvua ikanyesha, matawi yakachipua. Nikapiga picha kila upande, nikaweka status.

Asubuhi moja mama akaja kupalilia, mara akaruka.

"We! Tangu lini mkuyu una miiba?"

Nikachuchumaa. Kando ya kila mkuyu, shimo baada ya shimo, palikuwa na mche wa mathenge. Kwa mstari, wakuu. Mathenge imenyooka kama askari wa gwaride.

Mbuzi hula maganda yake, na mbegu hupita tumboni salama. Mbolea ya Guyo ilikuwa imejaa mbegu. Na hilo lilikuwa kwenye video! Nililiruka nikitafuta sehemu ya vipimo.

Akilini niliona kisima kimekauka, mama yuko mtoni, na mkono uliopanda ni wangu.

Guyo alipoitwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Dada, kila siku nyinyi Wapokomo mwalia mbuzi wetu wanaharibu shamba. Leo umewalimia malisho!"

"Basi kang'oe malisho yako," mama akamjibu. "Jembe hilo hapo. Uji utakunywa baadaye."

Akashika jembe. Na hapo ndipo wazimu wangu ulipotufaa: tulifuata kamba tu. Hakuna mche uliopata pa kujificha, na kwa kuwa ilikuwa bado michanga, ilitoka na mizizi yake. Kufikia jioni tulikuwa tumemaliza, na Guyo alikuwa ameongezewa uji akiendelea kucheka.

Siku hizi mbolea mpya tunaijaribu kwanza kwenye makopo nyumbani, tuone kitakachoota.

Kiangazi hiki kisima bado kina maji. Sitawadanganya kwamba ni mikuyu, bado ni midogo, na kila mti hunywa. Mvua ilikuwa nzuri, na mathenge haipo. Ninachojua ni kwamba mama akitoka na ndoo anageuka kushoto, kisimani. Kulia ni mtoni. Bado mimi huamka kumchungulia.

Somo langu: usinyooshe mstari kabla hujajua unatia nini shimoni.

Mliorudisha miti kando ya maji, mbolea yenu iliwaotesha nini? Semeni, na kucheka ruksa.

Halafu lile tawi nililolitupa kwa kupinda limeshika lenyewe, nje ya mstari, na limeipita mikuyu yote. Mama amenikataza kuligusa. Najikaza.