Gauni Lililokaa Vizuri

Mjane mmoja, fundi cherehani wa miaka sabini na minane, alikuwa na mdomo usiojua likizo. Alianguka mlangoni kwake, akavunjika nyonga, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Siku ya tatu tu akamwambia daktari kuwa mshono wake si mbaya, ila umepinda.

"Bibi, kabla hujaanguka, nguo zilikuwa zinakupwaya?" aliuliza muuguzi, akijaza karatasi ya lishe.

"Nguo zinipwaye mimi? Miaka hamsini nashona!"

Muuguzi akacheka, akaandika hapana.

Lakini kufika siku ya kumi, kusimama kulimshinda. Kilichomshangaza ni kwamba mguu usiovunjika ndio uliotangulia kutetemeka. Ule mwingine una haki yake. Huu una nini? Aliogopa, na hakuficha. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na bila miguu yeye ni fundi wa maneno tu.

Akaazima utepe wa muuguzi, akapima mashavu ya miguu yote miwili. Yote ilikuwa imekonda sawasawa. Akapima tena, akidhani utepe una kasoro. Kisha akamtuma mkwewe, mke wa mwanawe, amletee gauni lake la buluu.

Akaligeuza ndani nje. Ubavuni kulikuwa na mistari mitatu ya mshono, kila mmoja umeingia ndani zaidi ya mwenzake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Huyu aliyaficha hata asiyaone yeye mwenyewe, kwa sindano. Kila gauni lilipopwaya alilipunguza, akajitazama kwenye kioo, akajisifu.

"Mama," mkwe aliuliza polepole, "tangu baba afariki, jioni ulikuwa unakula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na chai nyingine. Nibandike sufuria kwa ajili ya mtu mmoja? Nilikuwa naona uchungu."

Mkwe akalia. Fundi akamwita muuguzi. "Futa ile hapana yako. Zilinipwaya."

Tangu hapo yakaja mayai, maharage na maziwa, kwa amri ya daktari. Alikula akinung'unika, na mkwe, ambaye kila mara alikuja akiwa ameshakula kwake, alivuta kiti akala naye.

Siku ya ishirini na sita, akishikilia chuma cha kutembelea, alifika hadi mlango wa wodi. Wauguzi wakapiga makofi. Yeye akamgeukia mkwewe.

"Mwanangu, kwenu huwa mnakula saa ngapi?"