Sahihi Kwenye Picha ya Kiholanzi

Hakuwa na cheti cha sanaa. Hakuwa na mtaji, wala mjomba mwenye cheo, wala ukuta wake mwenyewe wa kutundikia picha. Alikuwa na msumeno wa kukatia fremu na daftari la shule ya jioni, alikojifunza kusoma na kuandika akiwa na miaka ishirini na sita.

Leo muuza picha huyu, anayeitwa na mtaa mzima Mzee Fremu, ana miaka sabini na moja. Saa tatu asubuhi amekaa dukani, kioo cha kukuzia jichoni, akimkagua mwanamke aliyechorwa Uholanzi karne nyingi zilizopita: kola nyeupe, mikono imekunjwa, midomo ya mtu aliyekatizwa maneno. Kwenye kona ya chini kuna jina la mchoraji maarufu.

Picha hii aliinunua kwenye mnada wa vyombo vya marehemu, ikiwa nyeusi kwa moshi. Ameisafisha miezi minne, kwa pamba na mate.

“Sabuni ina pupa,” anasema. “Mate yana adabu.”

Daktari mmoja mstaafu wa mji wa mbali anaitaka. Ameomba kitu kimoja tu: barua ya Mzee Fremu ya kuthibitisha mchoraji. Bei waliyopatana inatosha kununua chumba hiki cha duka, alichokipanga kwa miaka thelathini na moja, na ambacho mwenye nyumba anakiuza mwisho wa mwezi.

Mkewe, anayeshona mapazia chumba cha nyuma, anachungulia.

“Baba watoto, umemkodolea macho huyo mama tangu asubuhi. Amekujibu nini?”

“Sahihi yake si sahihi.”

“Sema Kiswahili.”

“Ndicho hicho.”

Anamweleza. Rangi ya picha imepasuka kwa uzee, nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Rangi ya jina imeingia ndani ya nyufa hizo. Maana yake, picha ilizeeka kwanza, jina likaandikwa baadaye na mtu mwingine.

“Daktari hana kioo chako,” mkewe anasema polepole.

“Hana. Ndiyo maana ameniuliza mimi.”

Mkewe anakata uzi kwa meno. “Basi andika umenyooka. Usiandike kama mtu anayeomba msamaha. Hujaiba.”

Anaandika: *Picha ni ya Kiholanzi, na ni ya kale. Aliyeichora hajulikani. Jina la chini liliongezwa. Bei sasa ni robo ya ile tuliyopatana.*

“Na chumba je?” mkewe anauliza.

“Daktari akiichukua, nitamwomba mwenye nyumba aipokee hiyo robo iwe kianzio,” anasema Mzee Fremu. “Akikataa, nitatundika picha zangu za kuuza barazani kwangu. Misumari ninayo.”

Anaweka jina lake chini ya barua, taratibu, kwa mwandiko wa shule ya jioni. Mkewe anachukua kioo, anaiinamia karatasi, anaitazama kwa muda mrefu.

“Hii ni sahihi,” anasema.

Mzee Fremu analamba gundi ya bahasha, anaibana kwa kiganja, anavuka barabara na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.