Uchungu Wake Niliuita Mbili

Mwaka wa 2008 nilikuwa na miaka arobaini na nne, na shida ilinikuta nikipakua githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo usitafute maneno makubwa hapa. Nitasema vile ilikuwa.

Tulikuwa tukiishi Makongeni, Thika, chumba kimoja cha mbao na mabati. Mume wangu Wekesa alifanya kazi kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi, shifti ya usiku. Asubuhi alirudi mikono imekuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko, akanywa chai, akalala. Mimi nilienda kuuza githeri kwenye lango la kiwanda.

Sisi wake za watu wa shifti ya usiku tulikuwa na mtindo wetu. Ukitoka, unamfungia mzee ndani kwa kufuli ya nje. Mhubiri, jirani anayetaka kiberiti, watoto wanaotafuta mpira wao, wote wakiona kufuli wanajua hakuna mtu, wanapita. Mzee analala. Ufunguo unautia kifuani.

Usingizi wa Wekesa niliulinda kama mali. Kuna fundi nilimmwagia maji kwa kupigilia misumari karibu na ukuta wetu saa sita mchana. Majirani wakanicheka. "Mama Nekesa, huyo ni bwana ama ni mtoto mchanga?" Niliwaambia mtoto mchanga angalau hulala penye kelele.

Kwetu ni Bungoma. Nekesa, binti yetu, alikuwa kwa nyanyake huko tangu Krismasi. Baada ya kura nchi ilichafuka. Huko magharibi Wakikuyu walifukuzwa na kuuawa, wengine wakafika Thika na magodoro na vilio. Hasira ikatafuta mtu wa kumwangukia, ikatupata sisi tuliotoka magharibi. Watu wengi wa kwetu walikuwa wamekimbilia kituo cha polisi. Wekesa akasema tutaenda Jumamosi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilifunga kufuli kama kawaida. Tena nikajiambia kufuli itatusaidia: wakija, wataona hakuna mtu.

Walikuja saa tano.

Niliona moshi nikiwa langoni. Nilikimbia na mwiko mkononi.

Waliona kufuli. Wakajua hakuna mtu. Wakachoma.

Wekesa aliamkia ndani ya moto. Alisukuma bati la nyuma kwa mgongo mpaka likang'oka. Nilimkuta kwenye mtaro, ngozi ya mgongo na mikono imetoka. Ufunguo bado ulikuwa kifuani mwangu.

Mzee mmoja Mkikuyu, muuza maji wa mtaa wetu, alimwaga mitungi yake, akamlaza Wekesa kwenye mkokoteni, akamfunika na gunia lililolowa. Alisukuma tu. Nami njiani nikainama sikioni mwa mume wangu.

"Baba Nekesa, usilie. Ukilia utalia kwa lugha yetu, na watatumaliza."

Akafunga mdomo. Alinisikiliza maisha yake yote, huyo mwanamume.

Hospitalini niliandikisha jina lake la ubatizo, Daudi, na kwa baba nikaweka jina la Kikuyu. Kikuyu nilikuwa nakisema vizuri, nilikuwa nimeuza githeri kwa lugha hiyo miaka kumi na tano. "Moshi umemharibia koo," nikasema. "Hawezi kuongea."

Nesi wa wodi alikuwa Sista Wairimu, msichana mfupi wa Ruiru aliyekuwa akipanda lori la maziwa kuja kazini kwa sababu magari hayakuwa yakitembea vizuri. Alikuwa na swali moja ambalo hakuchoka nalo.

"Daudi, uchungu ni ngapi? Sifuri ni hakuna. Kumi ni ule huwezi kuvumilia. Nionyeshe kwa vidole."

Wekesa akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Akainua vidole viwili.

Nilimfundisha mimi. Nilifikiri akisema nyingi watamkazia macho, watamwuliza maswali, watamwita daktari, na daktari atataka kusikia sauti. Mbili ni mtu ambaye hasumbui watu. Walipokuwa wakimbadilisha bendeji nilimtia pindo la leso mdomoni, akauma. Machozi yalitoka, sauti haikutoka.

Kitanda cha pili kulikuwa na guka mmoja, babu wa Kikuyu kutoka Gatundu, amevunjika mguu. Alimsifu sana. "Mama, una bwana! Mimi nikidungwa sindano hata samaki wa mto Chania wanasikia. Huyu ni jiwe."

Na mimi, mjinga, nikafurahi.

Siku ya kwanza Wekesa hakulala. Siku ya pili hakulala. Sista alimgeuza ubavu, akampangia mito chini ya mikono, akafunga pazia mchana, akawafukuza waliokuwa wakipiga domo mlangoni. Nilimwona akifanya kazi yangu ya Makongeni, tena kwa ustadi kunishinda. Hakulala. Siku ya tatu Sista alinivuta kando.

"Mama, mwili hujijenga mtu akilala. Jasho lake linaniambia kitu kingine, moyo wake unakimbia, lakini yeye anasema mbili. Dawa kali naiomba kwa daktari kwa hesabu hiyo. Kwa mbili nitapewa vidonge vya kichwa tu. Ni mbili kweli?"

"Ni mbili," nikasema. "Watu wa kwetu si waoga."

"Wa kwenu wapi, mama?"

"Wa kwetu tu."

Siku ya nne saa ya kuona wagonjwa, watoto wawili wa guka walikuja, wanaume wazima, wamevaa makoti mazito. Walikaa wakiongea mambo ya barabarani, nani amefukuzwa, nani amebaki. Wekesa akasinzia kwa uchovu.

Akaota.

"Mayi!" akaita. "Mayi wange!"

Alikuwa anamwita mamake. Kila mtu alisikia.

Mmoja wa wale wanaume akasimama.

Nilishika kisu cha kumenyea machungwa.

Sista Wairimu alitoka upande wa dirisha, akapita katikati yao, akamshika Wekesa kichwa, akamjibu kwa Kibukusu, lugha yetu. Kibukusu kibovu, cha mtu aliyejifunzia sokoni, maana chuo alisomea huko kwetu. Halafu akageuka. "Mnaangalia nini? Hamjawahi kuona mgonjwa?"

Guka akamgusa mwanawe na bakora. "Kaa chini wewe. Huyo amekuwa jirani yangu siku nne, hajanisumbua hata mara moja. Wewe umefika sasa hivi na unanuka viazi."

Mtu akacheka. Mwanawe akakaa.

Basi. Hiyo ndiyo hatari niliyomfungia mume wangu mdomo siku nne.

"Uchungu ni ngapi?" Sista akamwuliza tena, kwa lugha yetu.

Wekesa hakuniangalia. Aliinua mikono, vidole vyote. "Kumi," akasema, sauti kama karatasi. "Hata shuleni sijawahi kupata kumi."

Saa nane mchana alidungwa dawa. Nilimwona mwanamume akishuka kutoka mahali pa juu. Mabega yalilegea, midomo ikaachana, akakoroma ule mkoromo wake wa Makongeni. Nilikaa mlangoni nikawaambia wote waliopita watembee polepole. Alilala, akaamka, akanywa uji, akalala. Siku mbili. Ya tatu hakuamka.

Sista alisema moto ulikuwa umekula sehemu kubwa, labda asingepona hata hivyo. Sikumwuliza hilo.

"Ningesema kweli siku ya kwanza, angelala?"

"Angelala, mama."

Sista simlaumu. Wenye kiberiti hawajawahi kushtakiwa, nawaona madukani, wengine wamenisalimia. Nje ya lango la hospitali watu waliuawa kwa jina tu, kwa hivyo sikuogopa kitu cha ndoto. Najiambia hivyo. Halafu nakumbuka guka na bakora yake, na hesabu inakataa. Moto ulikuwa wao. Mlango niliufunga mimi, na mdomo niliufunga mimi.

Siku hizi magoti yananiuma. Nesi wa kliniki akiniuliza ni ngapi, namwambia saba, tena kwa sauti, hata kama foleni nzima inasikia.

Nilivyo navyo leo: vyumba sita vya mawe Ruiru, vya kupangisha, milango yote inafungwa kwa ndani, nje hakuna hata pete ya kutia kufuli. Ploti moja Theta, na mahindi. Ng'ombe wawili. Binti mmoja, Nekesa, na wajukuu watatu. Sufuria kubwa ya githeri, imetoboka. Ufunguo mmoja usio na mlango. Leso moja ya kijani, ina alama za meno kwenye pindo.