Kivuli cha Mwinjilisti

Mkwaruzo wa ngozi ya ng'ombe ikiburutwa uani nausikia mpaka leo. Juzi mnadani Katesh nilipita penye ngozi zilizoanikwa, ile harufu ikanirudisha nyumbani, kwenye baridi ya Mbulu. Kila asubuhi mama alimburuta bibi juu ya ngozi hadi juani, kwa sababu miguu ya bibi ilikuwa imekataa kutembea, na mgongo wa mama ulikuwa umechoka kubeba.

Jumapili moja tulisomewa kanisani jinsi kivuli cha Petro kilivyoponya wagonjwa njiani. Kesho yake bibi akataka awekwe kando ya njia anayopita mwinjilisti wetu.

"Mama, kivuli kingekuwa dawa, mimi ninayepishana naye kila siku ningekuwa bado naumwa mgongo?" mama akamuuliza.

"Hata wale wa zamani walikuwa na wakwe wabishi, na wakapona."

Mama akamburuta. Mwinjilisti akaja anasukuma baiskeli yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea kushoto, mwanangu. Hapo hapo, tulia."

Kivuli kikamfunika miguu. Nilivitazama vidole vyake mpaka macho yakaniuma. Havikutikisika.

"Labda Petro alikuwa mnene kuliko wewe," bibi akasema, akajifuta machozi kwa khanga.

Mama hakumcheka. Alimrudisha taratibu hadi uani, kisha akajilaza kifudifudi kwenye nyasi, usingizi ukamchukua pale pale. Bibi naye alikuwa amegeukia ukutani. Nikaenda nikasimama upande wa jua, nikaitanua sketi yangu mpaka kivuli kikamfunika mama mgongo wote.