Fundi Aliyekula Kiazi Katikati ya Jabali la Mutuka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Konstantini yuko mita thelathini juu ya ardhi, vidole vimezama kwenye ufa wa jabali, na bado anabishana na mkewe.

"Legeza kamba!"

"Nilegeze uanguke? Thubutu!" anajibu Emerensiana kutoka chini, kamba imemzunguka kiunoni.

Konstantini, 41, ni fundi wa kuezeka mabati, mkazi wa Maisaka, Babati. Siku anayopanda jabali hili la Mutuka hapati kibarua, na anakosa shilingi elfu saba. Anapanda hivyo hivyo, maana anataka jina lake liandikwe.

Liandikwe wapi? Kwenye daftari la Theodori, mwongoza watalii wa Arusha anayetunza kumbukumbu za wapandaji. Sheria yao haina huruma. Jiwe halitobolewi. Unachomeka vyuma vidogo kwenye ufa, unapitisha kamba, na kamba ni ya kukuokoa ukianguka tu. Ikikubeba hata kidogo, umeshindwa. Wa kwanza kufika juu bila kubebwa ndiye anayeandikwa, na njia anaipa jina yeye.

Mzungu mmoja, mwalimu wa kujitolea, alijaribu mwaka 2004, Mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga. Alifika nusu, akakutana na nyuki, akashuka mbio kuliko alivyopanda. Mwaka uliofuata Theodori mwenyewe alianguka mara tatu karibu na kilele, pale ufa unapobana hadi vinaingia vidole viwili tu. Konstantini alikuwa mpagazi wake. Akajifunza kwa kutazama.

Mwaka jana fundi huyu akafika kileleni, tena peku. Maisaka nzima ikashangilia. Theodori akafungua daftari, akauliza kama alipumzika popote.

"Nikamwambia ndiyo, nilikaa kwenye kamba nikala kiazi," anasimulia Konstantini. "Niliulizwa, nikajibu. Kumbe!"

Daftari likafungwa. Hadi leo watoto wa mtaani humsalimu, "Shikamoo Baba Kiazi," naye huitikia marahaba huku amenuna.

"Nani alimtuma kusema?" anang'aka Emerensiana. "Na kiazi chenyewe nilikichemsha mimi!"

Keshokutwa Theodori anarudi kujaribu tena. Ndiyo maana leo Konstantini ameondoka nyumbani bila hata chai.

Anafika penye ufa mwembamba. Anaguna, anajivuta, mguu unateleza. Kamba inamshika kwa muda wa kupiga chafya moja. Anajirudisha kwenye jiwe, na dakika kumi baadaye yuko kileleni. Akishuka, mkewe anamkumbatia huku analia kwa furaha.

"Mama Joyness, si uliona nilivyoning'inia?"

"Sikuona kitu. Vumbi liliniingia machoni."

"Mimi niliona."

Emerensiana anamwachia. "Jamani, huyu mwanaume!"

Konstantini anaanza kukunja kamba taratibu. "Nitarudia kesho, kabla Theodori hajafika."

"Unakunja nini?" anauliza mkewe, akijizungushia kamba upya kiunoni. "Panda sasa hivi. Kesho nina nguo za kufua."