Karafuu Zilivyomfunga Mdomo Baba Mkwe

Nimeificha aibu hii muda mrefu, lakini kwa kuwa ukweni Makambako wanaijua hadi watoto wa chekechea, na nyie wa Njombe mkiijua hakuna kitakachoharibika zaidi.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, cheti natembea nacho mfukoni (usiniulize kwa nini), na somo lililonikaa kichwani ni lile la mwalimu wa sayansi, kwamba nyama ikiungua kwenye moto mkali hutengeneza vitu vyenye madhara, na viungo kama kitunguu saumu, binzari na karafuu huvipunguza. Basi siku ya kwenda kusikia jibu la posa yangu kwa Tumaini nikajitolea kuchoma mwenyewe kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, wakwe waone binti yao anachukuliwa na msomi.

Sasa kwetu nyama ni chumvi tu, karafuu nilizijua kwenye chai. Muuza viungo akanionya, "Kaka, hii karafuu ya unga weka chembe tu." Nikawaza, kama chembe inapunguza madhara, pakiti nzima si itayamaliza kabisa? Nikamwaga yote.

Walikula kwa heshima, kipande cha kwanza, cha pili, kisha baba mkwe akasimama kutoa jibu.

"Thithi kama fa... fa..."

Ulimi umekufa ganzi kwa karafuu. Baba mdogo, mshenga wangu, akainuka kumsaidia, akatoa sauti kama ndama. Ukumbi mzima (watu mia, tuseme kumi na wawili) hakuna aliyeuhisi mdomo wake, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, walioletewa wasuuzie ukawachuruzikia vifuani.

Mama mkwe, ambaye alikuwa hajala bado, akatoka jikoni, akanigeukia mimi. "Baba, umewawekea nini wenzio?"

"Dawa ya kuondoa sumu, mama."

"Kumbe nyama ilikuwa na sumu?"

Tumaini akajifunika uso kwa kitenge. Nikajua ndoa imekwisha kabla haijaanza. Baba mkwe akaashiria apewe kalamu na karatasi, na karatasi pekee iliyokuwa karibu ilikuwa cheti changu. Akakigeuza, akaandika taratibu huku mate yakipenya hadi kwenye mhuri upande wa pili, akanikabidhi.

"Binti tumekupa. Nyama usiguse tena."

Sijaigusa mpaka leo, anachoma Tumaini, kwa chumvi. Cheti kiko ukutani kwenye fremu, ila mke wangu amegoma kitazame mbele, wageni wote wanasoma upande wa nyuma.